Santuri au muziki wa simu: uchague kipi kwa sauti, ukiwa Dodoma

Nianze na jibu kabla ya maelezo. Ukitafuta sauti safi, yenye besi inayoshuka mpaka chini na ukimya wa kweli pale ala zinaponyamaza, muziki wa kidijitali unaishinda santuri, tena kwa mbali. Ila kama moyo wako uko kwenye dansi la miaka ya 1960 na 1970, huenda nakala nzuri kuliko zote ya wimbo unaoutafuta iko kwenye sahani ya inchi saba ndani ya kabati la mzee fulani huku Dodoma, mitaa ya Kikuyu au Chang'ombe, na si kwenye simu yako. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue mashine ya santuri au abaki na simu, mimi humrudishia swali: unasikiliza muziki gani, na unausikilizia spika gani?

Swali hili siku hizi linatoka pande mbili. Wapo vijana ambao hawajawahi kushika santuri, wameona picha za mashine nzuri mtandaoni. Na wapo wazee wenye sanduku zima la sahani ambazo mashine yake ilishakufa zamani. Nawaandikia wote wawili.

Sauti inakaa wapi

Kwenye santuri sauti imechongwa. Kila upande una mfuo mmoja tu mrefu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na kuta zake zimekatwa kufuata mtikisiko ulioingia kwenye maikrofoni. Sindano ikipita humo inatikisika, inachezesha sumaku ndogo karibu na waya uliosokotwa, na hapo unapatikana umeme mdogo sana, milivolti chache, ambao amplifaya inaukuza. Kwenye santuri ya stirio ukuta mmoja wa mfuo unabeba upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia.

Besi ndiyo inayoisumbua santuri. Sauti nzito inataka mfuo uyumbe sana, na mfuo ukiyumba sana unakula nafasi na unaweza hata kuirusha sindano. Ndiyo sababu mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kanuni moja, inayojulikana kwa jina la RIAA, yaani chama chao cha kampuni za kurekodi: wakati wa kukata santuri besi inapunguzwa na trebo, zile sauti nyembamba za juu, inaongezwa, na wakati wa kupiga, amplifaya inarudisha mambo yalivyokuwa. Tundu lililoandikwa PHONO nyuma ya amplifaya za zamani lipo kwa kazi hiyo. Mtu akichomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye sabufa, na mashine yenyewe haina kikuzaji cha ndani, atasikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi hata kidogo. Wengi wamehukumu santuri kwa sauti hiyo. Mashine nyingi mpya zina kikuzaji ndani na swichi yake nyuma. Iangalie kwanza kabla hujalaumu chochote.

Muziki wa kidijitali unaandika mtikisiko uleule kwa namba. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, inapima mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16. Hapa kuna hoja ambayo nimeichoka kuisikia: kwamba namba zinakata sauti ngazi ngazi, wakati santuri ni mstari laini usiokatika. Hoja hiyo haina msingi. Hesabu zilizowekwa na wataalamu wa mawasiliano Harry Nyquist na Claude Shannon zinaonyesha kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaouhitaji, unaweza kuurudisha wote kama ulivyokuwa. Kinachotoka kwenye waya wa spika ni mstari laini, hauna ngazi. Sikio zima la kijana linaishia kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde. Wengi wetu tukivuka miaka 50 hatuisikii tena hata ile ya 15,000. Sidii inafika karibu 22,000. Hakuna kilichoachwa nje ambacho ungekisikia.

Kwenye vipimo santuri haifui dafu

Kati ya sauti ya juu kabisa na kelele ya chini, sidii ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 96. Santuri nzuri, safi, kwenye mashine nzuri, inazunguka kwenye desibeli 60 hadi 70. Kushoto na kulia kwenye santuri huvujiana kidogo. Kwenye faili havivujiani kwa kiasi cha kusikika. Na mwendo wa sahani haukosi kuyumba kidogo, jambo unaloweza kulisikia kwenye noti ndefu ya kinanda.

Kuna kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Santuri ya inchi 12 inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Lakini ukingoni mduara ni mkubwa, kwa hiyo sindano inapitiwa na karibu sentimita 50 za mfuo kila sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Mitikisiko ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Matokeo yake wimbo wa mwisho wa kila upande husikika umefifia au unakwaruza kwenye herufi "s" na kwenye matoazi. Sikiliza utaona. Ukipata santuri ya mtumba, usiijaribu kwa wimbo wa kwanza. Shusha sindano kwenye wa mwisho, kwa kuwa uchakavu hujionyesha huko mapema kuliko kwingine.

Sasa ile "sauti yenye joto" ambayo wapenzi wa santuri wanaisifia, ipo au wanajidanganya? Ipo. Inatokana na mambo yanayoeleweka: besi ya chini huwekwa katikati badala ya kutawanywa kushoto na kulia, trebo kali hulainishwa ili sindano iweze kuifuata, na mfumo mzima unaongeza upotofu mdogo wa kimuziki ambao sikio huupenda. Kuna jingine zito zaidi. Tangu miaka ya 1990 nyimbo nyingi zimebanwa studio ili zipige kelele kuliko jirani zake redioni, mpaka ngoma haina tena mshindo. Toleo la santuri la albamu hiyohiyo wakati mwingine huandaliwa kwa mkono mwepesi zaidi, na hapo santuri itasikika bora kweli. Lakini sifa hiyo ni ya fundi aliyeandaa sauti. Fundi huyohuyo akikupa faili la kazi ileile, litasikika vizuri vilevile, au zaidi.

Na santuri nyingi zinazochapwa leo zinakatwa kutoka kwenye mafaili ya kompyuta. Anayenunua sahani mpya ya dola 25 au 35 ili akwepe namba, mara nyingi ananunua namba zilezile zilizochongwa kwenye plastiki. Anunue kwa sababu nyingine: picha kubwa ya jalada, maelezo ya wanamuziki, raha ya kukaa na albamu moja dakika 20 bila kuruka wimbo. Hizo ni sababu halali na naziheshimu.

Dansi letu, na kwa nini hapa mizani inageuka

Bendi zetu za zamani zilirekodiwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mikanda, kwa ajili ya kurushwa hewani. Mikanda hiyo iko kwenye hazina ya TBC, shirika la utangazaji la taifa, na nyimbo nyingi zilizomo hazikuwahi kuwa santuri kabisa. Ukizitaka hizo, mjadala wa santuri umeisha: utazipata redioni, kwenye kaseti, au kidijitali.

Njia ya pili ilikuwa kwenda Nairobi. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa huko, nyingi zikiwa sahani za inchi saba zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, ni mmoja wa waliorekodi huko na gitaa lake likasikika Afrika Mashariki nzima. Sahani hizi ndizo ninazozungumzia ninaposema nakala bora huenda iko kabatini. Kwa baadhi ya nyimbo hizo mkanda wa mwanzo hauonekani tena. Kilichopo mtandaoni ni nini basi? Mara nyingi ni mtu aliyechukua sahani iliyochakaa, akaipiga kwenye mashine asiyoirekebisha, akairekodi kwa kompyuta, akaibana kuwa faili dogo, akaipandisha YouTube. Mwingine akaishusha, akaibana tena, akaituma WhatsApp. Kila kubanwa kunaondoa kitu ambacho hakirudi. Mikwaruzo ya santuri unaipata yote, na juu yake unapata ukungu wa faili bovu. Ukiilinganisha hiyo na sahani safi ya wimbo huohuo, sahani inashinda bila ubishi. Gitaa la solo linajitenga na la rithimu, saksafoni zinakaa nyuma ya mwimbaji kama zilivyopangwa, na besi unaifuata noti kwa noti.

Hata hivyo sahani hizo zina mipaka yake. Upande mmoja hautoshi wimbo mrefu wa dansi, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mara nyingi kisu kinapita palepale sebene linapoanza kukolea. Unanyanyuka, unageuza sahani, unarudisha sindano, na miguu imeshapoa. Kwenye faili sehemu mbili zinaweza kuunganishwa, na hapo kidijitali kinakupa kitu ambacho santuri haikuwahi kuwa nacho, yaani wimbo mzima kwa pumzi moja.

Tena nyingi kati ya sahani hizo zilipigwa kwenye baa na sherehe, kwa sindano nzito, miaka nenda rudi. Trebo imesagika. Ishike sahani chini ya mwanga wa jua, uiinamishe pole pole. Mfuo mzima unang'aa mweusi. Uliochakaa una rangi ya kijivujivu hasa mahali palipo na sauti kubwa. Ya kijivu usiilipie bei ya sahani nzuri. Na kama sahani ni ya mono, yaani isiyotenga kushoto na kulia, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Sehemu kubwa ya mikwaruzo itapungua, kwa sababu inatoka kwenye mtikisiko wa juu-chini ambao muziki wa mono hauutumii.

Kwa Bongo Fleva na singeli sina maneno mengi. Muziki huo umezaliwa kwenye kompyuta, besi yake ya chini kabisa ni mzigo kwa sindano, na santuri zake karibu hazipo. Sikiliza faili.

Mlio wa ilimba

Kwa muziki wa Wagogo nina kipimo ambacho kila mtu wa hapa anaweza kukitumia. Ilimba ina ndimi za chuma kwenye sanduku la mbao, na kwenye sanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaotoa ule mlio wa kunguruma unaozunguka kila noti. Aliyeisikia kwenye tamasha la Chamwino, au uani kwa mtu, anaujua mlio huo hata akiwa amelala. Ni sauti ngumu mno kuhifadhi, ya haraka, ya juu, isiyojirudia sawasawa.

Chukua rekodi nzuri ya ilimba, uisikilize kwanza kwenye faili ambalo halikupoteza sauti kwa kubanwa, kisha kwenye MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, kisha ya 64. Kati ya mbili za kwanza wengi hawataona tofauti, mimi pia inanipa kazi. Kwenye ya tatu mngurumo unapasuka vipande vipande, unayeyuka, na noti za chuma zinabaki peke yake zimekauka. Ndimi zinapigwa lakini utando haupo. Hapo utaelewa kwamba tofauti kubwa kwenye muziki wa kidijitali ni kati ya faili zuri na faili bovu, na ni kubwa kuliko ile ya faili zuri na santuri. Kazi za Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, zilizotolewa Uingereza na kampuni ya muziki ya Real World ni za enzi ya sidii. Zitafute kwa ubora wa sidii usikie utando ukilia.

Hali ya hewa na umeme wa hapa

Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukavu, na upepo wa kiangazi unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya droo. Hewa kavu huichaji santuri umeme tuli, ikawa inalivuta vumbi lenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu unazidisha. Tumia brashi laini ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na kwa uchafu mzito tumia maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji hayohayo. Maji ya bomba au kisima cha huku yana chumvi. Yakikauka yanaacha chembe ndani ya mfuo na utazisikia. Zile sahani nzito za zamani za mizunguko 78 ni za shelaki, usizipake spiriti kabisa kwa sababu inaziyeyusha, na zinahitaji sindano pana zaidi.

Usiache santuri kwenye gari lililofungwa juani. Zisimamishe wima, kwenye chumba chenye kivuli.

Umeme nao una lake. Mashine nyingi za mtumba zinatoka Japani, ambako umeme ni volti 100, na Marekani, ambako ni volti 120. Sisi tuna 230. Kibadilisha volti kinatatua hilo. Kisichotatuliwa nacho ni mapigo: sisi tuna mapigo 50 kwa sekunde, Marekani na nusu ya magharibi ya Japani wana 60, na mashine kadhaa za zamani zinategemea mapigo hayo kupanga mwendo. Mashine ya 60 ukiiwasha hapa, sahani ya 33 na theluthi itazunguka chini ya mara 28, na mwimbaji wako atashuka nusu-toni tatu na ushee. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma kama kimeandikwa 50 Hz, au hakikisha mota ni ya umeme wa DC, kama ule wa betri.

Simu haina matatizo haya. Umeme ukikatika, muziki unaendelea.

Spika na Bluetooth

Pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye spika. Sabufa nyingi zinazouzwa mitaani zimeundwa kutoa mdundo mmoja mkubwa kuzunguka noti chache za besi, na katikati, palipo na sauti ya binadamu na magitaa, pamepwaya. Ukiunganisha santuri au faili bora kwenye sabufa hiyo, vyote vitatoka na mdundo uleule, na hutaona tofauti yoyote. Jozi ya spika za mtumba zenye maboksi ya mbao, na amplifaya ya stirio, itakubadilishia muziki kuliko mabadiliko yoyote ya chanzo.

Bluetooth hubana sauti tena njiani. Kwa kupikia na kufua haina neno. Kwa kulinganisha, tumia waya. Mashine ya santuri inayotuma muziki kwa Bluetooth inageuza mfuo kuwa namba kisha inazibana, na ile sababu uliyoinunulia imeishia hapo.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, cheza wimbo mmoja kwa njia zote mbili kwenye spika zilezile, sauti iwe sawa, na mtu mwingine abadilishe wewe huoni. Usawa wa sauti ni lazima, kwani kinachopiga juu kidogo sikio hukiona bora hata kama si bora.

Gharama, na nani achukue nini

Faili la kilobiti 320 linakula megabaiti 2.4 kwa dakika, yaani kama 144 kwa saa. Ukiwa unasikiliza kwa bando siku nzima utalihisi. Shusha nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi. Memori kadi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya saa 400 za ubora huo. Santuri kwa upande wake inataka mashine, amplifaya, spika, na sindano inayobadilishwa baada ya saa kati ya 300 na 1,000 kutegemea umbo lake. Sindano iliyokwisha haikwambii kwa maneno, inasaga sahani kimya kimya.

Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), au mtumishi aliyehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, na chumba kimoja: baki na simu, nunua hedifoni nzuri za waya, weka programu yako kwenye ubora wa juu. Mwenye familia anayetaka muziki sebuleni: spika na amplifaya kwanza, simu kwa waya, santuri isubiri. Anayependa albamu kama kitu cha kushika, na ana pesa isiyo ya ada ya watoto: nunua mashine inayorekebishika uzito wa sindano, epuka zile za kisanduku cha sutikesi zenye sindano nzito isiyorekebishwa.

Na wewe mzee, au mjukuu wa mzee, mwenye sanduku la sahani za 45: hapo mashine nzuri ni ya lazima, angalau ya kuazima. Osha kila sahani, weka sindano mpya, pima uzito wake kama kichwa, kile kifaa kinachoishika sindano, kinavyoelekeza, kwa vichwa vingi ni kama gramu 2. Rekodi kwa biti 24 kupitia waya, uhifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, na si MP3. Unganisha sehemu A na B kwenye nakala ya kusikiliza, lakini tunza na ile ambayo haijaguswa. Usitumie programu ya kufuta mikwaruzo kwa nguvu, inaondoka na matoazi. Andika jina la bendi, namba ya lebo na chochote kilichoandikwa kwa kalamu kwenye jalada, kisha weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja isiwe nyumba hiyohiyo.